Mpaka wa Isebania na Mpaka wa Shamba

Mwanafunzi wa Migori anayeandika insha ya Kiingereza kuhusu safari ya Isebania hukwama anapofika kwenye neno "mpaka". Kamusi inampa "border", "boundary" na "frontier", achague mwenyewe. Akiandika kwamba basi lilisimama kwenye "boundary" ili abiria wakaguliwe vitambulisho, mwalimu ataelewa, ila kalamu nyekundu haitamwacha.

"Boundary" ni mstari, pale kitu kimoja kinapokoma na kingine kuanza. Waweza kuwa kwenye ramani tu, bila geti wala askari. "Border" ni mstari huo pamoja na shughuli zake zote: uhamiaji, forodha, malori yaliyopanga foleni, wabadilishaji fedha, bodaboda. Ndiyo maana mji wa Isebania, unaotazamana na Sirari ya Tanzania, ni "border town"; hakuna Mwingereza atakayeuita "boundary town". Kiswahili nacho hukaribia tofauti hiyo kwa silabi moja, ile "-ni" ya mahali: anayeuza nguo mpakani hajasimama juu ya mstari.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari kutoka mdomo wa mto Umba, pwani, ukapinda Kilimanjaro na kuishia ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Hiyo ilikuwa "boundary" tupu. Iliwagawa Wakuria wa pande za Isebania mara mbili kwa wino. "Border" ilikuja baadaye, ikiwa na maofisa na mihuri yake.

Ndani ya nchi, "border" huishiwa nguvu. Kaunti za Migori na Homa Bay, zote zilizotokana na Nyanza Kusini ya zamani, hutenganishwa na "boundary", na anayetoka mjini Homa Bay kwenda Rongo huivuka bila kuulizwa chochote. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka yenyewe, ile IEBC, imebeba neno hilo katika herufi ya B.

Shambani ni hivyo hivyo. Safu ya mkonge kati ya majirani wawili ni "boundary", na sheria haina mzaha nayo: kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huzuia mahakama kusikiliza mzozo wa mipaka ya ardhi iliyosajiliwa kabla mipaka hiyo haijaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, kazi iliyo mikononi mwa msajili wa ardhi. Anayemwandikia msajili kuhusu "border dispute" anaufanya ugomvi wa mkonge usikike kama vita vya mataifa.

"Frontier" si ya kusumbukia sana. Ni pembezoni ambako mkono wa serikali ni mfupi, kama Waingereza walivyoiona kaskazini mwa Kenya walipoiita Northern Frontier District. Isebania yenye foleni ya malori haifai jina hilo.

Kisiwa cha Migingo katika Ziwa Viktoria, ambacho Kenya hukihesabu chini ya Migori na Uganda nayo hukidai, kinayahitaji maneno mawili ya kwanza kwa pamoja. Kenya na Uganda zilipoanza upimaji wa pamoja mwaka 2009, wapimaji walikuwa wakitafuta "boundary" ndani ya maji. Mvuvi aliyefika na sangara wake alitaka kujua ni askari wa nchi gani atakayemdai ushuru, na hilo ni swali la "border".