Queensland, ambako kufuga sungura ni hatia

Kwa wakulima wengi wa Kenya, kufuga sungura ni jambo la kawaida. Lakini katika jimbo la Queensland nchini Australia, kitendo hicho huweza kumtia mtu hatiani na kumgharimu faini ya makumi ya maelfu ya dola.

Sheria ya jimbo hilo humruhusu kumiliki sungura yule tu mwenye kibali maalumu, wakiwemo watafiti, hifadhi za wanyama na wafanya mazingaombwe wanaotumbuiza umma. Familia inayohamia huko kutoka New South Wales, jimbo jirani ambako kumfuga ni halali, hulazimika kumwacha mnyama wake.

Chanzo cha ukali huo ni mwaka 1859, wakati mlowezi Thomas Austin alipopokea sungura wapatao 24 kutoka Uingereza katika shamba lake la Barwon Park, jimboni Victoria, ili apate wanyama wa kuwinda. Sungura jike hubeba mimba kwa takriban siku 30, na huweza kushika nyingine punde baada ya kuzaa. Haukupita muda mrefu kabla ya wanyama hao kuenea sehemu kubwa ya bara hilo, wakimaliza malisho ya kondoo, kutafuna miche ya miti ya asili na kuacha ardhi ikimomonyoka. Uzio mrefu uliojengwa Australia Magharibi kati ya mwaka 1901 na 1907 haukufua dafu.

Tatizo ni kwamba sungura huyo mharibifu na yule wa kufugwa ni spishi moja. Hata wanaofugwa Kenya ni wa asili hiyo ya Ulaya, ilhali sungura wanaoonekana sana katika mbuga za Kenya ni wa jamii nyingine, wasioishi katika mashimo ya kuchimba. Kwa hivyo, sungura wa nyumbani akitoroka nchini Australia, huweza kuzaana na wa porini.

Hata katika majimbo yanayoruhusu ufugaji, mwenye sungura hana raha. Mwaka 1950 serikali ilieneza virusi vya ugonjwa wa miksomatosi ili kuwaangamiza sungura wa porini. Virusi hivyo, vinavyoambukizwa na mbu na viroboto, havibagui. Chanjo itumiwayo Ulaya hairuhusiwi Australia, kwa hofu kwamba kinga itawafikia sungura wa porini. Chanjo dhidi ya kalisivirusi, iliyoanza kusambazwa rasmi mwaka 1996, inapatikana kwa madaktari wa mifugo.

Kinga iliyobaki dhidi ya miksomatosi ni kumweka sungura ndani ya nyumba, kufunika kizimba kwa chandarua chenye matundu madogo na kutumia dawa ya viroboto iliyoidhinishwa na daktari. Mfugaji asiyezingatia hayo huenda akampoteza mnyama wake kwa silaha iliyokusudiwa wa porini.