Homa ya Bonde la Ufa: Chanjo ni ya kiangazi, si ya mvua

MFUGAJI anayesubiri mafuriko ndipo aulizie chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa huwa amekwishachelewa. Ugonjwa huu hauji kila mwaka, na ndiyo maana wengi huiona chanjo yake kuwa gharama isiyo ya lazima, hadi siku mimba zinapoanza kuharibika zizini kwa mfululizo.

Homa hiyo husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa kondoo waliokuwa wakifugwa karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Hushambulia kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na pia binadamu.

Katika kundi la kondoo, karibu wote wenye mimba wanaweza kuzitupa. Watoto wenye umri wa chini ya wiki moja hufa kwa zaidi ya asilimia 90. Ng'ombe wakubwa hufa wachache, lakini wenye mimba huziharibu, na hapo mfugaji hupoteza ndama na maziwa kwa pamoja.

Mlipuko wa mwaka 2006/07 ndio unaokumbukwa zaidi Afrika Mashariki. Nchini Tanzania waliripotiwa wagonjwa 264, na 109 kati yao walifariki dunia. Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155.

Hasara haikuishia zizini. Kaskazini Mashariki mwa Kenya minada ilifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku. Wenye malori, wapakiaji, wachinjaji na wenye bucha wakakosa kazi hata pale ambapo hapakuwa na mnyama mgonjwa. Watafiti waliokokotoa hasara ya nchi hiyo walipata zaidi ya Sh bilioni 2.1 za Kenya.

Soko la nje nalo huchukua muda mrefu kurudi. Saudi Arabia ilipokumbwa na ugonjwa huo mwaka 2000, ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Wafanyabiashara wa Somalia walisubiri hadi mwaka 2009 kufunguliwa tena soko hilo.

Mayai yanayolala ardhini

Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde na mbuga zinazotuamisha maji. Mayai hayo, mengine yakiwa na virusi tayari, huweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka mingi. Mvua kubwa ikituamisha maji kwa siku kadhaa, huanguliwa kwa wingi. Mbu wa jamii nyingine huzaliana baadaye katika madimbwi hayo hayo na kuusambaza ugonjwa mbali zaidi.

Wapo wanaowalaumu wanyamapori. Ni kweli kwamba uchunguzi nchini Kenya ulikuta kingamwili za virusi hivyo kwa nyati, kuro, swala pala, tandala na kongoni, hata katika miaka isiyo na mlipuko. Hata hivyo, wengi wao hawaonyeshi dalili, ingawa nyati huweza kuharibu mimba. Kuwafukuza hakuondoi mayai yaliyomo ardhini malishoni.

Hesabu ya mfugaji

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye mbuzi 60, kati yao 40 wakiwa na mimba. Nusu tu ya mimba hizo zikiharibika, amepoteza watoto 20. Hasara hiyo ikigawanywa kwa mbuzi wote 60, kila mmoja amebeba theluthi moja ya bei ya mtoto wa mbuzi.

Milipuko mikubwa ya 1997/98 na 2006/07 ilipishana kwa takriban miaka tisa. Basi tuseme mlipuko huja mara moja katika miaka 10. Hasara ile inakuwa sehemu moja ya thelathini ya bei ya mtoto wa mbuzi, kwa kila mbuzi kwa mwaka. Chanjo isiyozidi kiasi hicho inalipa, na hapo havijahesabiwa vifo, maziwa wala kufungwa kwa mnada.

Ipo chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, ambayo ni ya bei nafuu na dozi moja hukinga kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo inafaa itolewe kabla ya majike kupandwa. Ile ya virusi vilivyouawa ni salama kwa wenye mimba, lakini hutaka kurudiwa. Mfugaji amuulize ofisa mifugo ni ipi anayoletewa.

Ugonjwa ukishaingia, Shirika la Afya Duniani linashauri chanjo kwa mifugo isitolewe, kwa kuwa sindano moja ikirudiwa kwa wanyama wengi huweza kuhamisha virusi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima.

Tahadhari pekee haitoshi. Mwaka 2006 onyo lilitolewa kabla ya wagonjwa wa kwanza kugundulika, lakini wiki chache hazikutosha kupata dozi, majokofu na magari. Viwanda navyo havitengenezi akiba kubwa ya dawa isiyo na mnunuzi, kwa sababu huisha muda wake.

Kinachotakiwa kifanyike

Kwa maeneo ya mvua za vuli, kazi ianze kati ya Julai na Septemba. Chupa moja huwa na dozi nyingi, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mwenye mbuzi 10 hawezi kuinunua peke yake, bali wafugaji wa kijiji waandikishe mifugo yao, wachangie na kuagiza kwa pamoja kupitia ofisa mifugo.

Si kila mvua ya El Niño huleta mlipuko. Hata hivyo, utabiri unapotaja mvua za juu ya wastani, wenye malisho ya mabondeni wawe wa kwanza kuchanja, kisha wahamishie mifugo sehemu za miinuko.

Mimba zikianza kutoka kwa wingi, taarifa itolewe siku hiyo hiyo. Vitoto vilivyotupwa na damu visishikwe kwa mikono mitupu, mnyama mgonjwa asichinjwe, maziwa yachemshwe na nyama iive vizuri. Binadamu wengi huambukizwa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, na wachinjaji wako hatarini zaidi.

Wafanyabiashara nao wanayo sababu ya kuchangia. Mnada ukifungwa, mwenye lori na mwenye bucha hupoteza kipato sawa na mfugaji, wakati sehemu ndogo ya ushuru wa mnada ikitengwa kila kiangazi ingeweza kununua dozi za vijiji vinavyouzunguka.