Nani Atamliwaza Mwalimu?

Hivi majuzi alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Nilidhani ana swali la sarufi. Kumbe alikuja kuniarifu kwamba anataka kuacha kazi. Wanafunzi wake, alisema, huandika katika insha mambo wasiyothubutu kuyatamka: baba aliyempiga mama hadi akazirai, mjomba aliyemnajisi mpwawe. Huyasoma usiku, huyaripoti inavyopasa, kisha asubuhi huingia darasani kama kwamba hakuna lililotokea.

"Mwalimu," aliniambia, "siku hizi nikiliona rundo la madaftari, mikono hunitetemeka."

Huyu si mvivu wala mwoga. Mwaka wa 1995 msomi wa Marekani, Charles Figley, alihariri kitabu kuhusu hali hii hasa: jeraha la nafsi linalompata mtu kwa kuwahudumia waliofikwa na maafa, ingawa yeye mwenyewe hakuyashuhudia. Mimi, kwa mazoea ya taaluma yangu ya lugha, naiita kiwewe cha kuambukizwa. Dalili zake ni kukosa usingizi, kuota mikasa ya wengine, hasira za ghafla na moyo kufa ganzi.

Moto ulipowaua wanafunzi 67 huko Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001, na wavulana 21 huko Endarasha, Nyeri, mwaka wa 2024, taifa zima liliomboleza. Hatuna budi kujiuliza: mwalimu anayewaliwaza watoto walionusurika, yeye huliwazwa na nani?

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Aghalabu mwalimu wa ushauri nasaha hubeba siri za watoto wengi pamoja na vipindi vyake vya kawaida. Apunguziwe vipindi. Apatiwe mshauri kutoka nje ya shule. Fauka ya hayo, walimu watengewe saa moja kila juma wazungumze yanayowalemea, bila kutaja jina la mtoto yeyote. Watakaosema fedha hazipo wakumbuke kuwa saa hiyo haihitaji bajeti.

Mwanafunzi wangu hajaamua bado. Nanyi wanafunzi, msiache kuandika yanayowasibu. Kosa si lenu. Ni wajibu wetu sisi watu wazima kuhakikisha kwamba anayeyasoma hayabebi peke yake.