Wanga, selulosi na kitenzi "ambata": jinsi ya kutaja protini zinazotumika kusindika mbao na nyuzi

Fundi seremala wa Buhongwa, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, anapopiga randa, maranda yanayodondoka miguuni pake yana kitu kimoja cha msingi sawa na pamba inayolimwa Kanda ya Ziwa na katani inayotoka Tanga. Kitu hicho ni selulosi. Zipo protini zenye uwezo wa kujishikiza kwenye selulosi, nazo hutumika katika viwanda vya nguo na kuchunguzwa na watafiti wa karatasi. Ugumu wetu ni kuzitaja kwa Kiswahili bila kupotosha.

Mwanafunzi mmoja wa tafsiri aliniletea makala kuhusu protini hizo, naye alikuwa ameziita "protini zinazofunga wanga". Kisarufi, kirai hicho hakina dosari. Kimaana, maneno mawili kati ya matatu yanampeleka msomaji kusikohusika.

Wanga ni aina moja tu ya kabohaidreti

Katika mazungumzo ya chakula, tumezoea kuita ugali, wali, viazi na muhogo "vyakula vya wanga". Kutokana na mazoea hayo, neno wanga limepanuka hadi kuonekana kuwa sawa na kabohaidreti. Katika mada ya lishe, upanuzi huo hauna madhara makubwa. Katika mada ya mbao na nyuzi, una madhara.

Wanga na selulosi zote hujengwa kwa glukosi. Tofauti iko katika namna vipande vya glukosi vinavyoungana. Katika wanga, viungo huufanya mnyororo ujipinde. Katika selulosi, kila kipande hugeuzwa kuhusiana na jirani yake, hivyo mnyororo hunyooka, nayo minyororo mingi hulala sambamba na kukamatana. Ndiyo maana tunaweza kumeng'enya ugali lakini hatuwezi kumeng'enya pamba. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani: tone la iodini kwenye muhogo hugeuka rangi ya buluu iliyokolea hadi nyeusi, lakini kwenye pamba safi halileti badiliko hilo.

Kiwandani, kosa la istilahi linaweza kuharibu kitambaa. Kabla ya kufuma, nyuzi za mtande mara nyingi hupakwa wanga ili zisikatike kwenye mtambo. Baada ya kufuma, wanga huo huondolewa kwa kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho hakiigusi selulosi. Katika hatua nyingine, kwa mfano kulainisha au kupausha kitambaa cha jinzi, hutumika selulasi, kimeng'enya kinachomeng'enya selulosi yenyewe, yaani kitambaa chenyewe. Mwongozo wa kazi unaosema "kimeng'enya cha wanga" katika hatua zote mbili unamwachia mfanyakazi kubahatisha. Akibahatisha vibaya, nguo italika.

Je, protini "inafunga"?

Kitenzi funga kimetokana na tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kwa Kiswahili, kufunga ni kukaza kwa kamba, kuziba au kusimamisha shughuli: tunafunga mzigo, mlango na duka. Msomaji anayeambiwa kwamba protini "imefunga selulosi" anaweza kuelewa kwamba imeizuia isifanye kazi. Hilo silo linalotokea.

Mfano unaofahamika vizuri ni wa kuvu aitwaye Trichoderma reesei. Aligunduliwa katika Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili, akila mahema na vifaa vya pamba vya jeshi la Marekani. Jina lake linamuenzi mtafiti Elwyn Reese. Selulasi zake kuu zina sehemu mbili zilizounganishwa na kiungo chenye kunyumbulika. Sehemu moja hukata mnyororo wa selulosi. Nyingine haikati kitu: ina uso ulio bapa, wenye asidi amino kama tirosini, unaolalia pete za glukosi. Hapaundwi muungano mpya wa kudumu wa kikemikali; sehemu hiyo hujishika, na inaweza kujiachia. Ikiondolewa, kimeng'enya hupungukiwa na uwezo wa kuishambulia selulosi iliyo ngumu. Ikitengwa peke yake, inaweza kubebeshwa kitu kingine na kukifikisha kwenye uso wa nyuzi. Ndiyo sababu watafiti wa karatasi wamejaribu kuitumia kuimarisha karatasi.

Kiswahili kina kitenzi kinachobeba maana hiyo: ambata. Linganisha fumba na fumbata, paka na pakata. Tazama pia kamata. Kiambishi -at- huonyesha mgusano wa vitu viwili, kimoja kikikishika kingine. Tena ambata huzaa nomino kwa urahisi: uambataji kwa tendo, kiambata kwa sehemu inayoshika. Tahadhari moja: ambatana na humaanisha pia kwenda pamoja, kama barua inavyoambatana na vielelezo. Kwa hiyo, katika istilahi hii andika "inaambata selulosi", si "inaambatana na selulosi". Nata nayo inafaa zaidi kwa gundi na ulimbo.

Uzi, ufumwele, katani, mkonge

Lazima pia kutaja kwa usahihi kile kinachoambatwa. Uzi ni zao la kusokota. Ufumwele (wingi: fumwele) ni unyuzi mmoja mmoja wa asili kabla ya kusokotwa. Katika maandishi ya kawaida nyuzi hutumika kwa maana zote mbili, lakini ripoti ya maabara inahitaji kuzitenganisha. Vivyo hivyo, mkonge ni mmea, ule ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Katani ni nyuzi zinazopatikana baada ya kusindika majani yake. Protini huambata selulosi iliyo katika katani.

Mapendekezo ya matumizi

1. Tumia kabohaidreti kwa kundi zima. Wanga na selulosi kwa aina mahususi.
2. Andika "protini zinazoambata kabohaidreti". Palipo na selulosi peke yake, taja selulosi.
3. Sehemu ya kimeng'enya inayoshika iitwe kiambata; inayokata, sehemu kataji.
4. Kwa wasomaji wa kawaida, "protini zinazojishika kwenye nyuzi" inatosha.

Mwanafunzi wangu alisahihisha hivi: "Kiambata cha selulasi hujishika kwenye selulosi ya mbao, ndipo sehemu kataji ianze kazi." Sentensi hiyo inaweza kusomwa na mkemia na fundi seremala, na wote wawili wakaelewa jambo lile lile.