Fagio Halitoshi: Hai Jalaba na Gharama ya Soko Safi

Hai Jalaba ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Juba, na jina lake linatokana na wafanyabiashara wa kaskazini, walioitwa jalaba, waliofungua maduka mjini humo. Leo biashara ya katikati ya Juba imeshikwa na watu wa asili nyingi: Wasudani Kusini wenyewe, Wasudani, Waganda, Wakenya, Waethiopia, Waeritrea na Wasomali. Sehemu kubwa ya wanachouza huletwa kwa malori, hasa kupitia barabara ya Nimule yenye urefu wa kilomita 192, iliyokamilishwa kwa lami mwaka 2012. Bidhaa hufika zikiwa ndani ya maboksi, mifuko ya nailoni na chupa za plastiki. Mnunuzi huondoka na bidhaa, lakini vifungashio hubaki mjini, na vingi huishia mtaroni au kuchomwa kando ya njia. Ndiyo maana gharama ya kuondoa taka ni sehemu ya gharama ya kuuza bidhaa, kama ilivyo nauli ya lori na ushuru wa forodha. Wenye maduka wa Hai Jalaba watapata mtaa safi siku watakapoiingiza gharama hiyo katika hesabu zao za kila mwezi.

Kampeni za usafi hazijakosekana Juba, na wanaojitokeza kufagia wanastahili heshima. Lakini kufagia hukusanya taka tu. Kazi ngumu na ya gharama huanza baada ya hapo, kwa kuwa taka lazima zipakiwe na kusafirishwa hadi dampo la Rejaf, nje ya jiji. Kati ya 2011 na 2014, shirika la misaada la Japani, JICA, lilishirikiana na mamlaka za Juba kujenga uwezo wa kusimamia taka ngumu, na uzoaji na usafirishaji ulikuwa kiini cha kazi hiyo. Lori hutaka mafuta, vipuri na dereva anayelipwa kwa wakati. Sudan Kusini huuza nje mafuta ghafi, lakini dizeli ya kuendeshea malori yake kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje kwa dola. Desemba 2015 serikali ilipoiachia pauni ipangiwe bei na soko, dola moja ilipanda mara moja kutoka pauni zisizofika tatu hadi kiasi cha 18. Ada ya usafi iliyopangwa kwa pauni na kuachwa bila kurekebishwa haikuweza tena kununua safari zilezile za lori. Rundo la taka linalokaa barabarani wiki nzima si lazima liwe dalili ya uvivu. Mara nyingi ni dalili ya hesabu isiyotosha.

Hasara ya hesabu hiyo humrudia mfanyabiashara. Mei 2014, msimu wa mvua ukiwa umeanza, kipindupindu kilitangazwa Juba, na mlipuko wa mwaka huo ulizidi wagonjwa 6,000 nchini. Mwaka uliofuata kikarudi. Taka peke yake hazileti kipindupindu, lakini mtaro ulioziba huchanganya maji ya mvua na uchafu wa vyoo mbele ya milango ya maduka na migahawa. Hofu ya ugonjwa ikiingia, wauza chakula ndio wa kwanza kukimbiwa na wateja.

Miji mingine ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi. Kigali husifiwa kwa umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wengi hudhani hiyo ndiyo siri yake yote. Lakini huko pia kampuni na vyama vya ushirika huzoa taka kwa ratiba, na kaya hulipa ada ya kila mwezi kulingana na uwezo. Dar es Salaam ilianza mwaka 1994 kwa kukabidhi kata za katikati ya jiji kwa kampuni binafsi, nayo ikakwama kwa sababu wengi hawakulipa. Kuelekea mwisho wa muongo huo kazi iligawanywa kwa kampuni nyingi na vikundi vya wakazi, ili anayezoa awe karibu na anayelipa. Watu hutoa fedha kwa wepesi zaidi wanapoliona lori likija na wanapomjua wa kumwuliza lisipokuja.

Wapo watakaosema kwamba tayari wanalipa kodi na leseni, hivyo usafi ni wajibu wa Halmashauri ya Jiji. Hoja hiyo ni ya haki, na halmashauri haipaswi kuondolewa wajibu wake. Hata hivyo, chama cha wenye maduka chenye daftari la wazi, kinachoonyesha kilicholipwa na safari zilizofanyika, kitadai huduma kwa nguvu kuliko lalamiko la mtu mmoja mmoja. Wengine watahofia wanawake wauza chai na wachuuzi wadogo, ambao faida yao ya siku ni ndogo mno. Hao wasitozwe sawa na duka la jumla: mwenye kuzalisha maboksi mengi ndiye abebe mzigo mkubwa. Swali gumu zaidi ni la yule asiyelipa lakini anafaidi njia safi. Chama hakina mamlaka ya kumlazimisha, halmashauri inayo, na inaweza kuifunga ada hiyo na leseni ya kila mwaka, mradi fedha ziende kwenye uzoaji wa mtaa huohuo na risiti itolewe kwa kila malipo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukokotoa safari ngapi za lori mtaa unahitaji kwa wiki, kila safari inagharimu dizeli kiasi gani, na nani achangie kiasi gani, kisha kuipitia ada hiyo kila bei ya mafuta inapobadilika. Siku ya kufagia pamoja ibaki, kwa kuwa inawakutanisha majirani wa lugha na mataifa mbalimbali katika kazi moja. Ila ifanyike siku ambayo lori limeshalipiwa.