Umeme wa Jua Nyumbani: Volti 12 au Volti 24?

Mnunuzi wa vifaa vya umeme wa jua mjini Karatu kwa kawaida huulizwa kwanza anataka wati ngapi. Swali la volti za mfumo huja baadaye, au haliji kabisa, na kosa lake ni ghali kulirekebisha.

Kwa boma la Endulen au Nainokanoka linalohitaji taa nne, redio na kuchaji simu, volti 12 zinatosha. Betri moja huendesha mfumo mzima, na hatuoni sababu ya kumwongezea mtumiaji huyo gharama.

Hali hubadilika mzigo unapokua. Tuchukue mfano wa duka la Rhotia lenye jokofu na taa zinazotumia jumla ya wati 240, betri ikiwa mita 10 kutoka kwenye vifaa. Kwa volti 12, nyaya hubeba ampea 20. Kwa volti 24, ampea 10 tu. Katika waya wa shaba wa milimita za mraba 4, mfumo wa kwanza hupoteza takriban wati 35 njiani, wa pili takriban wati 9. Upotevu huo hugeuka joto, na waya uliozidiwa huweza kuwasha moto. Waya mwembamba, hata hivyo, hufanya bei ionekane nafuu.

Volti 24 hupatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Ziwe za aina, ukubwa na umri mmoja, kwa kuwa betri kuukuu huidhoofisha mpya. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo ili kuwasha redio ni jambo ambalo mtumiaji alikatae, hata fundi akisema halina neno: betri moja huishiwa nguvu na nyenzake huchajiwa kupita kiasi. Kinachohitajika ni kifaa cha kushusha volti. Inveta nayo ilingane na mfumo. Ya volti 12 ikiunganishwa na volti 24 huweza kuungua papo hapo.

Anayekusudia kuongeza jokofu baadaye aanze na volti 24, maana kuhama kutoka volti 12 humaanisha kununua inveta nyingine. Kabla ya kulipa, adai volti za mfumo na unene wa waya viandikwe kwenye stakabadhi, kisha aombe kuona leseni ya fundi iliyotolewa na EWURA.