Fahamu: Kwa nini chunjua humpata huyu na kumwacha yule?
Chunjua si uchafu wala kurogwa. Huletwa na virusi vya HPV, vyenye aina zaidi ya 100, vinavyopenya ngozi penye mkwaruzo mdogo: ukucha uliotafunwa, kidevu kilichonyolewa, unyayo uliolainika bafuni. Watoto wawili wakitumia taulo moja, mmoja huweza kuota chunjua vidoleni na mwenzake asiote kitu. Siri kubwa ni kinga ya mwili: ya mmoja huvitambua virusi mapema, ya mwingine huchelewa miezi kadhaa. Ndiyo maana wenye kinga dhaifu, wakiwemo baadhi ya wanaoishi na VVU, husumbuka zaidi. Kwa watoto, chunjua nyingi hutoweka zenyewe ndani ya miaka 2. Usiikate kwa wembe, utaisambaza. Ikiuma, ikitoka damu au ikiota sehemu za siri, nenda kituo cha afya.